Salamu za Tharsisi na Bushi za Landrova

Shemeji yangu Tharsisi Nkunzimana hakuwa mlevi. Naanza na neno hilo kwa sababu bado wapo watu pale stendi ya Kibondo ambao wakisikia jina lake hucheka kabla ya kuuliza habari zake, na wajukuu zake sasa wanasoma shule moja na wajukuu wa watu hao. Nitaeleza yaliyotokea kama yalivyokuwa, kwa kuwa nilikuwapo, na kwa kuwa gari lilikuwa letu.

Baba mkwe wangu alivuka mpaka kutoka Burundi na mke, majembe na watoto wawili wa kiume, akapewa shamba Kitahana. Watoto hao walikuwa wa tumbo moja, kila mmoja na jina lake kama ilivyo desturi ya kwao. Mkubwa, Bazilio Nduwayezu, alipelekwa shule, akasoma hadi akawa mkaguzi wa elimu, akanioa mimi niliyekuwa mwalimu. Mdogo, Tharsisi, alipelekwa shule hiyo hiyo, akatokea mlango wa nyuma na kwenda kukaa juu ya mizigo ya lori la misheni. Alianza kama tanboi, akawa dereva, na hadi leo sijaona mtu mwingine anayefunga vifungo vya shati hadi shingoni huku amekaa juu ya joto la injini. Pombe aliiacha kabla hajaianza. Sababu zake zilikuwa za kifamilia na hapa si mahali pake. Kwenye sherehe aliletewa soda, na kama soda hakuna, maji, na kama maji hayakuchemshwa, alikaa hivyo hivyo akitabasamu hadi watu wa meza yake wakaona haya kunywa.

Alichokipenda kupita kiasi kilikuwa kusalimia. Kwetu Buha salamu haitolewi kwa mdomo peke yake. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu kwa viganja viwili, unauliza waliolala wameamkaje, yule mtoto mwenye kikohozi, ng'ombe, mvua. Watu wa pwani husema Waha wawili wakikutana asubuhi, mchana utawakuta hapo hapo. Wanatia chumvi, lakini si nyingi. Sasa Tharsisi alikuwa na imani kwamba kupanda gari hakumwondolei mtu adabu. Akimwona mzee kando ya barabara alipunguza mwendo kidogo, akaachia usukani, akainamisha kichwa, akapiga makofi yake, akasema "Mwakeye" kwa sauti ya kanisani, kisha akaushika tena usukani bila haraka, kama mtu anayerudisha kofia yake kichwani. Niliwahi kumshauri asalimie kwa mkono mmoja.

"Shemeji," alinijibu, "mkono mmoja ni wa kufukuzia kuku."

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ndefu ya rangi ya majani makavu, ambayo Bazilio aliinunua misheni walipokuwa wakiuza magari yao ya zamani. Bazilio alipofariki, ukoo ulishauri niiuze. Sikuiuza. Nilimkabidhi Tharsisi, naye akaifanyisha kazi ambayo ilitupa heshima kati ya Kasulu na Kibondo: ilibeba wagonjwa wa Busunzu, maharusi, kwaya, magunia ya maharage, na kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa ikabeba pia wafanyabiashara wa Kikongo na marobota yao ya vitenge. Watu walikuwa wakisema, ngoja gari la kina Nduwayezu, hilo halilali njiani.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, wakaanza kusema mengine.

Walisema gari la kina Nduwayezu linayumba. Linakuja vizuri, limenyooka, halafu ghafla linacheza kushoto na kulia kama mbuzi aliyeumwa na nyuki, halafu linanyooka tena. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona chuma kikilewa, lawama zilimwendea dereva. Na zilimwendea wakati mbaya kuliko wakati wowote, kwa kuwa binti yake Immakulata alikuwa ameposwa.

Aliyemposa ni Felisiani, mwalimu kijana wa Kitahana, mtoto wa Mzee Pasikali Mpawenimana wa Busunzu. Mzee Pasikali alikuwa mwenyekiti wa kigango chao cha kanisa, na pia mwenyekiti wa chama cha wasiokunywa pombe, chama alichokianzisha mwenyewe na ambacho wanachama wake wengi walikuwa wanawe. Posa ilikuwa imepokelewa na maneno yameshakubaliwa. Kisha siku moja mshenga akaja nyumbani kwangu bila kufuatana na mtu, akakataa chai. Mtu akikataa chai nyumbani kwangu, najua amebeba nini.

"Mwalimu," alisema, "nimetumwa, na mjumbe hauawi."

"Sema."

"Mzee anasema amemwona baba wa binti kwa macho yake. Alikuwa amekaa barazani mwa kanisa. Gari lilikuja limenyooka kama mshumaa. Lilipofika mbele yake likaanza kutafuta pa kulala, mara huku mara kule, na baba wa binti kichwa kimemwangukia kifuani. Mzee alikuwa akimpigia makofi ya salamu. Anasema hata hakujibiwa, aliachiwa vumbi." Mshenga akavuta pumzi. "Anasema chama chake hakiwezi kuoa katika nyumba ya mlevi. Atatoa neno la mwisho kabla ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni."

Sikukuu hiyo ni katikati ya mwezi wa nane, na mwezi wa saba ulikuwa umeshaingia. Nilimwita Tharsisi nikamweleza. Alitazama viatu vyake.

"Lakini siku ile," akasema, "nilimsalimia yeye kuliko mtu yeyote."

Immakulata, aliyekuwa mlangoni akisikiliza kama wasichana wanavyosikiliza, aliingia jikoni na sikumsikia akiimba wiki nzima. Nikaona kwamba suala hili halitatatuliwa na sala peke yake. Tukaenda kwa Saady.

Saady alikuwa fundi aliyetoka Tanga kumtembelea mjomba wake mwenye duka Kasulu, akaoa, akabaki. Gereji yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko. Alijua magari, na alijua kwamba anayajua, na hakuna mteja aliyeondoka pale bila kuambiwa.

"Karibu Mwalimu. Karibu na wewe Tharsisi, lakini usianze kunisalimia, nina kazi hadi magharibi."

Nilimweleza tatizo. Alitembea kulizunguka gari akiligonga hapa na pale. Kwanza akatoa matairi ya mbele na kutuonyesha udongo mwekundu ulioganda ndani ya ringi, upande mmoja mnene kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Alisema tairi lililobeba udongo upande mmoja lazima litikise usukani, akaukwangua, akaosha, akahamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Akainua pua ya gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa ili kusikia kama beringi zinacheza, kisha pembeni na pembeni ili kusikia viungo vya usukani. Hakusikia kitu. Ndipo akapanda mwenyewe, akatupeleka njia ya Makere, mahali penye vichaka vitupu, akakanyaga mafuta. Landrova ilikwenda kama reli.

Alirudi gerejini amefurahi.

"Mwalimu, gari hili ningempa mama yangu mzazi aende nalo sokoni. Kama kuna kitu kinayumba hapa, si chuma." Akamgeukia Tharsisi. "Hebu nipulizie, ndugu yangu."

Tharsisi akampulizia. Saady alifumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi.

"Unanusa nini?" nikauliza.

"Muhogo wa kuchoma. Na karanga."

"Karanga ni za jana," alisema Tharsisi.

Nikaona kwamba hapo hatutafika. Siku iliyofuata nilipanda kiti cha mbele, nikamwambia Tharsisi aendeshe hadi Busunzu na kurudi, na asijali kuwapo kwangu. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na kutazama mtoto gani anapiga kelele na ni wakati gani anapiga. Nilitazama hivyo hivyo. Kwenye mbuga tupu gari lilikwenda vizuri. Kisimani likacheza. Kwenye mteremko mrefu, vizuri. Mbele ya nyumba ya mhunzi likacheza, tena sana, nikajishika kwenye dashibodi. Kwenye daraja, ambako nilitegemea makubwa, hakuna kitu. Tulipofika Busunzu nilikuwa nimeshaelewa kwamba gari hili haliumwi mahali pasipo na watu. Na kila palipokuwa na watu, kabla tu ya mtikisiko, mikono ya shemeji yangu haikuwa kwenye usukani.

Nilirudi kwa Saady nikamweleza. Alikuna kidevu.

"Unasema mimi nilipojaribu nilikosea?"

"Nasema hukumsalimia mtu."

Hilo alilikubali, maana halikugusa ufundi wake. Akasema tujaribu hapo hapo, barabara ya nyuma ya soko. Akachukua fimbo, akajikunja mgongo, akasimama kando ya barabara mfano wa mzee. Tharsisi alikuja na gari, akapita na mikono yote miwili kwenye usukani.

"Mbona hukusalimia?" Saady akafoka.

"Nimsalimie nani? Nimekuona ni wewe."

"Jifanye hunijui."

"Nakujua. Tena we mdogo wangu. Makofi ya mzee siwezi kumpigia mdogo wangu, hata kwa majaribio."

Ilibidi aitwe mzee wa kweli. Bi Mwajabu, mama mkwe wake Saady, alikuwa uani akichambua mchele. Aliletwa na kigoda chake na ungo wake, akaketishwa kando ya barabara, akaambiwa asifanye lolote. Saady akapanda kando ya Tharsisi. Mimi nilibaki chini kushuhudia. Landrova ikaja kwa mwendo wake wa kawaida, ikapita kwenye kijishimo, Tharsisi akamwona bibi, akaachia usukani, akainama, akapiga makofi. Usukani, mbele ya macho ya Saady, ukazunguka kushoto na kulia kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata, pua ya gari ikatikisika na kuelekea kwenye kigoda. Nilisikia sauti ya fundi ikisema "Mama mkwe" kama anayesali. Tharsisi akaudaka usukani, gari likasimama hatua chache kutoka kwenye ungo.

Bi Mwajabu hakuinuka.

"Saady," alisema, "ukitaka kuniua niambie mapema, nimalize kwanza huu mchele."

Baada ya hapo Saady hakuhitaji kuhimizwa. Gari likawekwa mahali pa tambarare, matairi yote chini. Tharsisi akaambiwa azungushe usukani kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kuacha. Saady akalala chali chini ya pua ya gari, nami nikatandika kanga nikapiga magoti, kwa kuwa jambo linalohusu jina la nyumba yangu nalitazama mwenyewe.

Kuna chuma kirefu kinacholala kwa kukatiza sehemu ya mbele. Upande mmoja kimeshikwa na fremu ya gari, upande wa pili kimeshikwa na ekseli, na kazi yake ni kuizuia ekseli isiteleze pembeni. Kila ncha yake ina bushi, yaani mpira mnene uliobanwa kati ya tundu la chuma na boliti, ili vyuma visigongane. Hivyo ndivyo alivyonieleza Saady, na nilimfanya arudie. Tharsisi alipozungusha usukani, matairi hayakugeuka kwanza. Kwanza ile ncha ya chuma iliruka ndani ya mpira wake, kama jino bovu linaposukumwa na ulimi, na ekseli nzima ikasogea pembeni. Ndipo matairi yakageuka. Saady aliingiza ncha ya mtaimbo, akaubinya kidogo, na bushi ikafungua mdomo. Ilikuwa imepasuka mzunguko mzima. Ya upande wa pili ilikuwa imebaki nusu.

"Haya," alisema Saady akiwa bado chini. "Tairi likigonga kijishimo, ekseli inakwenda pembeni. Hakuna cha kuizuia, inarudi. Ikirudi inapita, inakwenda upande wa pili. Ukiwa umeshika usukani kwa nguvu, mikono yako inaituliza, huoni kitu. Ndiyo maana mimi sikuona. Ukiachia, inacheza hadi ichoke." Akajitoa chini na kumtazama Tharsisi. "Ndugu yangu, muda wote huo mikono yako ndiyo iliyokuwa bushi. Kila ukimsalimia mtu, unaifungua bushi."

Tharsisi alitazama viganja vyake kwa heshima.

Bushi za gari lile hazikupatikana Kasulu, wala Kigoma. Saady alisema anaweza kuchonga nyingine kwa vipande vya tairi bovu, kama gereji nyingi zilivyofanya. Nilimwambia nyumba ya Bazilio Nduwayezu haitembelei vipande vya tairi. Basi akamwagiza kaka yake Dar es Salaam azipakie kwenye treni ya Kigoma, nasi tukaanza kungoja, na sikukuu inakaribia.

Sikukaa kungoja tu. Nilikwenda Busunzu kumweleza Mzee Pasikali. Alinipokea kwa salamu kamili, tukaulizana habari za nyumba zote mbili hadi kuku, kisha nikamweleza habari ya chuma cha kukatiza na mpira uliopasuka. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," alisema, "nakuheshimu. Lakini tangu niwe mwenyekiti nimesikia sababu nyingi. Mmoja aliniambia ni dawa ya kikohozi. Mwingine aliniambia ni mkate uliochachuka. Mpira uliopasuka ndiyo mara ya kwanza."

"Basi njoo uuone."

"Nikiuona mpira nitaona mpira. Mimi nimeendesha trekta la misheni tangu wewe hujaja huku, na leseni ninayo. Nitakuja niliendeshe gari lenyewe. Mimi situmii kileo. Likiyumba mikononi mwangu, nitajua ni gari."

Alikuja Kasulu siku ya soko na koti lake la Jumapili. Saady alimpokea na kumwonya waziwazi.

"Mzee, shika kwa mikono miwili, endesha pole, na usiachie kabisa. Ukishika, litakwenda."

"Kijana, nimeshika trekta."

"Trekta halina haraka, mzee. Hili linayo."

Tharsisi hakuweza kumkatalia mtu anayemtazamia kuwa mkwe wake, akakaa kando yake, magoti pamoja, kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari. Mimi nilikaa nyuma na Mama Jeanne, mfanyabiashara wa Kikongo kutoka Nyarugusu aliyekuwa anapeleka vitenge Busunzu na ambaye tulishampa ahadi ya safari. Tukaondoka.

Lazima niseme ukweli kwamba mzee aliendesha vizuri. Alikaa wima, macho mbele, mikono imekaza. Vijana walipompungia alijibu kwa kidevu. Tulipita Makere, tukapita njia ya kambini, na kila kilomita shingo yake ilizidi kurefuka.

"Mkwe," alisema, na mara moja akajirekebisha, "Tharsisi. Mbona halichezi?"

"Hujaachia, mzee."

"Na kwa nini mtu aachie?"

Jibu lilikuwa linatembea mbele yetu. Akina mama wa kigango cha Busunzu walikuwa wakirudi kwenye maombi, wamejipanga kando ya barabara na sare zao za bluu, na mbele yao kulikuwa na mama mzee wa katekista, ambaye ndiye aliyembeba Mzee Pasikali mgongoni alipokuwa mtoto. Walimtambua kwenye kioo. Wakasimama wote. Wakainama wote. Wakaanza kupiga makofi.

Niliona mabega ya mzee yakipigana. Kwa muda mfupi nilidhani ataweza. Lakini mtu aliyebebwa mgongoni na mama yule hawezi kumpita kwa kidevu. Mikono ikaachia usukani. Kichwa kikainama. "Mwidiwe, mama," alisema, akapiga makofi mara ya kwanza, na mara ya pili hatukuisikia.

Landrova ikacheza. Ikaenda kulia hadi kwenye nyasi, ikarudi kushoto hadi kwenye nyasi za upande wa pili, usukani ukimchapa mzee vidole kila alipojaribu kuudaka. Akina mama walitawanyika na sare zao. Marobota ya Mama Jeanne yaliniangukia. Tharsisi aliinyoosha mikono yake, akairudisha, akainyoosha tena, kwa kuwa hakujua kama adabu inaruhusu kumnyang'anya mkwe usukani. Tulipita hivyo, upande upande, mbele ya kanisa la Busunzu, ambako halmashauri nzima ya kigango ilikuwa imekaa barazani kwenye kikao, tukavuka uwanja na kusimama katikati ya migomba ya padre, injini ikazimika yenyewe.

Mama Jeanne ndiye aliyesema kwanza, akiwa chini ya kitenge.

"Ye shofere wenu hanywake kitu. Motokari njo inalewaka."

Kisha kutoka barazani tukasikia sauti ya katibu wa kigango, mtu ambaye alikuwa akiutaka uenyekiti kwa muda mrefu.

"Mzee Pasikali," aliita kwa huzuni kubwa mno. "Hata wewe?"

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika Kitahana, na kesho yake ilikuwa Kibondo. Mwenyekiti wa wasiokunywa pombe ameingia kwenye migomba, mchana, mbele ya akina mama. Wengine waliongeza kwamba alikuwa anaimba. Mzee alituma watu kukanusha, na kila aliyetumwa alirudi na habari nyingine mpya. Wanachama wawili wa chama chake, ambao hawakuwa wanawe, walijitoa.

Basi aliyekuwa akinisubirisha alianza kunifuata. Alikuja kwangu, akanywa chai, akauliza treni inafika lini. Alikwenda kwa Saady akauliza kama Dar es Salaam wanajua maana ya haraka. Bushi zilipofika, zimefungwa kwenye gazeti, yeye alikuwa gerejini kabla yetu. Alikaa kwenye kigoda cha Bi Mwajabu na kumtazama Saady akifungua boliti, akikata mpira wa zamani kwa msumeno, akiugonga utoke, akiusukuma mpya kwa jeki hadi ukakaa. Ule wa zamani ulipodondoka, aliuokota, akaupangusa kwa leso, akautia mfukoni mwa koti.

"Huo ni taka, mzee," alisema Saady.

"Huo ni shahidi wangu," alisema mzee.

Jumapili iliyotangulia sikukuu tulikwenda Busunzu sote, na Immakulata kwa gauni lake zuri, maana nilimwambia kwamba familia isiyo na la kuficha huvaa vizuri. Baada ya misa mzee aliomba nafasi. Alisimama mbele ya watu, akatoa leso, akaifungua, akauinua juu mpira ule uliopasuka. Kanisa zima lilinyoosha shingo.

"Hiki," alisema, "ndicho kilicholewa."

Alieleza kila kitu. Alieleza chuma cha kukatiza, ekseli, kijishimo, mikono. Alieleza kuliko alivyoeleza Saady, na sehemu nyingine alizieleza vibaya, lakini sikumsahihisha. Watu walimsikiliza, ila niliona midomo ikiminywa, na katibu alikuwa akitazama dari. Mzee naye aliona. Alijua kwamba mtu mmoja aliyeingia migombani akisema ni mpira, hataaminika. Wawili wanaweza kuaminika.

"Na sikuwa wa kwanza," alisema, sauti imepanda. "Yalinipata mimi, na kabla yangu yalimpata mkwe wangu Tharsisi, mtu asiyeonja kileo, aliyekuwa akinisalimia mimi kwa heshima siku ile nilipomdhania mabaya. Mkwe wangu, simama watu wakuone."

Tharsisi akasimama, vifungo hadi shingoni.

Mimi nilikuwa nimeshasikia neno nililolihitaji, na limesemwa mara mbili, kanisani, mbele ya mshenga aliyekuwa safu ya tatu. Nikasimama nami. Nilimshukuru mzee kwa kuisafisha nyumba yetu hadharani, na nikamwomba, kwa kuwa ametuita wakwe, atuambie siku ya ndoa watu wote wakiwapo, wajiandae. Alinitazama, mpira bado juu mkononi. Alikuwa mtu mwerevu, alielewa kwamba hawezi kumrudisha Tharsisi ulevini bila kurudi naye.

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa," alisema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Felisiani alijaribu kutazama sakafu akashindwa. Immakulata aliniegemea, akaninong'oneza, "Mama mkubwa, ule mpira asije nao siku ya harusi," na nikamwambia tutamwomba.

Tulipotoka nje mzee alimvuta Tharsisi kando, lakini si mbali kiasi cha mimi kutosikia.

"Gari limepona kabisa?"

"Limepona, mzee."

"Basi nipe niendeshe hadi nyumbani. Nitapita taratibu mbele ya nyumba ya katibu, anione nilivyonyooka."

Tukapanda. Landrova ilikwenda imenyooka, na mzee alipofika mbele ya ile nyumba akaachia usukani makusudi, mikono yote miwili hewani, akapiga makofi polepole, na gari halikutikisika hata kidogo. Lakini mlango ulikuwa umefungwa na dirisha limefunikwa pazia.

"Atakuwa ndani anakula," alisema Tharsisi.

Mzee Pasikali alifikiri.

"Tugeuze," alisema. "Tutapita tena akimaliza."